Tupeane uzoefu: mkate wa kuoka nyumbani na ndege wa dirishani kipupwe hiki

Kinyunga (Tabata):
Wakuu, habari za Jumapili. Kipupwe kimeingia, kusi inavuma tangu usiku, na asubuhi hii nimefungua dirisha la jikoni nikarudi kutafuta sweta. Nimekanda mapema: nusu kilo ya ngano, kijiko kimoja cha chai cha hamira, viwili vya sukari, chumvi, mafuta kidogo na maji ya uvuguvugu. Mwezi wa pili donge kama hili linaumuka ndani ya dakika 40. Leo dakika 90 zimepita na bado halijafika ukingo wa bakuli.

Zamani nilikuwa nakimbilia kuongeza hamira. Mkate unaumuka haraka kweli, lakini ukiukata unanuka kama togwa iliyochacha na kesho yake unapukutika. Sasa naufunika kwa kanga, nausogeza karibu na jiko, na ninasubiri.

Kusubiri huko ndiko kulikonionyesha ndege. Nyuma ya nyumba kuna mgomba, na lile tumba la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu lina mgeni kila asubuhi: chozi. Anajishika kwa kucha, kichwa chini miguu juu, anachomeka mdomo wake uliopinda ndani ya kiua kimoja, anahamia cha pili. Jua likimpiga shingoni anang'aa kijani, akigeuka anakuwa mweusi tu. Nimeishi nyumba hii miaka sita na sikuwahi kumwona mpaka nilipoanza kuoka.

Nawe je? Unaoka kwa nini, na dirishani kwako anatua nani?

Binti wa Mjimwema:
Mimi sina oveni, naoka alivyonifundisha bibi: sufuria nzito, mkate ndani, mfuniko wa bati, halafu unapalia makaa. Moto mwingi juu, chini makaa mawili matatu tu. Wanaounguza wengi wanafanya kinyume. Siku za upepo kama hizi nakinga jiko kwa bati, la sivyo makaa ya upande mmoja yanakolea na mkate unaiva nusu.

Ndege wangu ni wa huzuni kidogo. Mwaka juzi minana walifuma viota kwenye mnazi wetu. Nilikuwa nakaa na ungo wangu wa unga namtazama dume akichana jani la mnazi, uzi mrefu mwembamba, anaruka nao, anaupitisha, anauvuta kwa mdomo kama mtu anayeshona mkeka. Jike anakuja, anaingia, anatoka. Akikikataa kiota, dume anakibomoa na kuanza upya. Halafu kunguru wakaja. Walikuwa wakifuata maganda ya mkate niliyokuwa nawatupia shomoro uani, na walipozoea uani wakapanda mnazini. Makinda hayakubaki. Hawa kunguru wa shingo ya kijivu si wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, na wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo. Tangu siku ile situpi hata punje nje. Naomba na ninyi msitupe.

Mrudi Nyumbani:
Dada Binti, pole sana. Nilikaa London miaka minne. Desemba kule jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na upweke wake unaingia mpaka mifupani. Nilijifunza kuoka ili tu nyumba ipate joto na harufu ya watu. Kulikuwa na ndege mmoja mdogo, kifua rangi ya chungwa, wanamwita robin. Wenzake wengi wananyamaza baridi ikija, yeye anaimba, maana hata wakati huo analinda eneo lake. Nilikuwa nakula silesi ya kwanza nimesimama, nikimsikiliza. Sasa niko Mbagala, na asubuhi namsikia dudumizi akilia kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Nikimsikia huwa nasimama vilevile.

Upepo wa Kusi (Kunduchi):
Wanaopenda ndege wa pwani, msikate tamaa mkiona ufuko mtupu sasa. Sululu wengi wako kaskazini wanataga, wataanza kurudi kuanzia Agosti. Msimu huu tunao keremkerem wanaokuja kutoka Madagaska, wanakaa kwenye nyaya za umeme wakidaka nyuki na kereng'ende. Mimi hubeba nusu boflo na chupa ya chai ya tangawizi, nakaa karibu na mikoko saa moja asubuhi.

Mgeni Jikoni:
Sasa kama mkate hapana, tuwape nini?

Kinyunga (Tabata):
Mkuu, maji. Weka kisahani kipana, kina kisichozidi kidole, na ubadilishe kila siku. Na papai likiiva mtini liache moja, shore watalimaliza wenyewe. Mkate unawajaza tumbo bila kuwalisha vizuri, na ukiota ukungu unaweza kuwaua.

Dada Binti, nimekusikia kuhusu maganda. Yangu yanaingia kwenye chai. Donge limefika ukingoni sasa hivi, nimelibonyeza kwa kidole na shimo linajaa polepole. Naenda kuwasha moto, na leo nitapalia.