Zawadi ya harusi kutoka Ufaransa: Limoges, Quimper au Soufflenheim?

Mwanakombo_Lyon
Wakuu, habari zenu. Binti wa dada yangu anaolewa Tanga baada ya Idi, na deni la vyombo limeniangukia mimi. Nipo Lyon, kwa hiyo nataka nipeleke vya huku huku. Nimebaki na vitatu: kaure ya Limoges, fayansi ya Quimper (yale mabakuli yenye masikio mawili na picha ya Mbretoni, mtu wa Bretagne magharibi ya Ufaransa), au vyungu vya Soufflenheim kule Alsace. Binti anapika sana na wageni hawamwishi. Vyote vitasafiri ndani ya sanduku langu. Nichukue kipi?

FundiSeif
Kabla ya jina, tazama udongo. Fayansi ni udongo wa kawaida uliochomwa kwa moto wa wastani, kama nyuzi 1000 hivi, ukavishwa mpako mweupe wa kung'aa wenye bati. Weupe ule ni wa juu tu. Ukingo ukigongwa mpako unabanduka, udongo unachungulia, na mchuzi ukishaingia pale doa halitoki tena. Kaure ya Limoges ni kaolini (udongo mweupe) pamoja na felspa na kwatsi, yaani mawe yaliyosagwa. Inachomwa kwanza nyuzi kama 980, inapakwa, inarudi tanuruni mpaka karibu 1400. Nje na ndani ni kitu kimoja. Inyanyue sahani mbele ya taa, pitisha vidole nyuma yake, utaona kivuli cha vidole. Kwa nyumba ya wageni chukua Limoges. Sioni cha kujadili.

BiTatu_Rennes
Kaka Seif umefunga kikao mapema! Mimi niko Bretagne, na niliwahi kusimama nyuma ya mchoraji wa Quimper nikimtazama. Bakuli limeshavishwa mpako lakini halijachomwa mara ya pili, juu ni kama unga mkavu. Brashi ikigusa tu, unga unakunywa rangi. Hakuna kufuta. Anaibonyeza brashi mara moja anainyanyua, tayari jani. Anageuza mkono, petali. Ile kazi wanaifanya Quimper tangu mwisho wa karne ya 17. Halafu bakuli lao unaandikiwa jina lako ubavuni. Niambie bibi harusi gani atafurahia sahani nyeupe tupu kuliko bakuli lenye jina lake?

FundiSeif
Dada, jina halizuii ukingo kubanduka.

Shangazi_Strasbourg
Mwanakombo mwanangu, kwa kuwa umetaja Soufflenheim ngoja niseme. Ni vyombo vya kupikia hasa. Wana bakuli refu la mviringo lenye mfuniko, huku Alsace wanapikia nyama na viazi polepole kwenye oveni. Wao wanatia mvinyo na nguruwe. Mimi natia biriani yangu, nafunga mfuniko kwa unga uliokandwa, mvuke hautoki hata kidogo. Vizuri kupita maelezo. Ila nikuulize, huyo binti ana oveni? Maana udongo ule ukiuweka juu ya gesi au mkaa unapasuka. Na ni mzito, utalipia kilo.
Kama unataka cha Alsace kisichosumbua, jirani yake kuna Betschdorf. Wao wanachoma udongo mpaka unakuwa jiwe, nyuzi kama 1250, kisha wanamwaga chumvi ndani ya tanuru moto ukiwa juu. Chumvi inageuka mvuke, inaushika udongo, unatoka kijivu chenye maua ya buluu na ngozi iliyoparuzika kidogo kama ganda la chungwa. Mtungi wa achari wa Betschdorf utazikwa na wajukuu.

MzeeWaMitumba
Naongezea upande wa pochi. Limoges ni mji, si kampuni. Viwanda vimekuwa vingi tangu kaolini ilipopatikana Saint-Yrieix, kusini ya hapo, miaka ya 1760. (Inasimuliwa kuwa mke wa daktari mmoja, Darnet, alikuwa akiufulia nguo udongo ule.) Tangu mwisho wa 2017 jina limelindwa kisheria: lazima chombo kiwe kimetengenezwa na kupambwa mkoa wa Haute-Vienne. Vya zamani geuza chini usome mihuri. Mara nyingi ni miwili: wa kijani chini ya mpako ni wa kiwanda kilichotengeneza sahani, wa juu ya mpako ni wa aliyeipamba. Ukiona wa kijani peke yake kwenye sahani yenye maua mengi, uliza nani alichora. Na chenye mstari wa dhahabu kisiingie maikrowevu, kitatoa cheche.
Jambo moja zito: usidanganyike na vyungu vya zamani vya manjano vya kusini, vya Vallauris na kwingineko. Watu wanakwenda Vallauris kwa ajili ya Picasso, yule mchoraji, aliyefinyanga pale kuanzia miaka ya 1940, lakini kabla yake mji uliishi kwa vyungu vya jikoni, na mpako wake ulikuwa wa madini ya risasi, ambayo ni sumu na huyeyukia kwenye vitu vichachu. Pambia maua. Usimtilie mtu ukwaju humo.

Mlamu_Marseille
Nyinyi nyote mnafikiria tumbo. Sisi kwetu Lamu sahani nzuri hailiwi, inakaa kwenye zidaka ukutani, na wazee walipachika mabakuli ya Kichina mpaka kwenye makaburi. Kwa hiyo mimi nasema Moustiers, fayansi ya kijiji cha Provence, ambayo hamkuitaja. Buluu juu ya nyeupe, michoro myembamba kama lesi. Fayansi za Ufaransa zilipanda chati Mfalme Louis wa 14 alipoamuru vyombo vya fedha viyeyushwe mwaka 1689 kugharimia vita; mabwana wakubwa wakajikuta hawana cha kulia. Sahani moja kubwa ya Moustiers sebuleni, yatosha. Mchuzi hautaigusa, kwa hiyo hoja ya Seif inakufa.

FundiSeif
Hapo umenipata, kwa ukutani sina neno.

Mwanakombo_Lyon
Ahsanteni sana. Oveni hana, kwa hiyo shangazi, Soufflenheim nimeiacha kwa shingo upande. Nachukua Limoges nyeupe isiyo na dhahabu, zile za daraja la pili wanazouza kwenye maduka ya viwanda, na bakuli moja la Quimper lenye jina lake. Moustiers bei imenishinda. Sasa nizifunge vipi?

MzeeWaMitumba
Sahani zisimame kwa ukingo, usizilaze, na kitambaa kati ya kila moja. Khanga zinafaa kuliko magazeti, na utazigawa ukifika. Bakuli la Quimper libebe mkononi.

BiTatu_Rennes
Na kabla hujaagiza, piga simu Tanga uulize jina linaandikwaje. Mwanahamisi na Mwanakhamis si bakuli moja.