Mwanza: Acheni kututukana kwa spika, wekeni sabuni mlangoni mwa msiba

Wakuu wa Kanda ya Ziwa, uzi huu ni wa hasira na siombi radhi.

Kipindupindu kikichomoza tu kando ya ziwa, gari la matangazo linazunguka Kirumba, Igogo na Mabatini na wimbo uleule: wananchi hamnawi mikono, kipindupindu ni ugonjwa wa uchafu. Jioni ripoti inaandikwa kwamba elimu imetolewa. Elimu gani? Mtoto wa darasa la tatu anajua habari ya sabuni na maji tiririka. Muuza dagaa wa Mwaloni anajua, mvuvi anajua. Hawanawi kwa sababu wanaona wenzao hawanawi, na kwa sababu kukataa mkono wa mzee msibani ni tusi. Hayo mawili hayatibiwi kwa spika.

Spika yenyewe inaharibu. Ukimwambia mtu kila siku kwamba watu hawanawi, umemthibitishia kuwa kutonawa ndiyo kawaida ya mtaa. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walilipima jambo hili kwenye hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, Marekani: bango lililolalamika kwamba wageni wengi wanaondoka na vipande vya miti iliyogeuka mawe lilizidisha wizi. Kisha hilo neno "uchafu". Familia ikishasikia hivyo inamficha mgonjwa wake ndani. Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa mtu zaidi ya lita moja ya maji kwa saa. Akisubirishwa giza liingie ili majirani wasione, anaweza asifike kituoni akiwa hai. Akiwahi na kutibiwa sawasawa, wanaofariki ni chini ya mmoja kwa mia. Aibu hiyo mmeipanda ninyi wenye spika.

Sasa msibani, maana hapo ndipo penye kazi. Mgeni anaingia, anapeana mkono na wafiwa, anapeana mkono na safu nzima ya wazee, anakaa, chakula kinakuja, anakula ugali kwa kiganja kilekile. Wengi wenye vijidudu vya kipindupindu hawaharishi kabisa ila wanavitoa chooni, kwa hiyo kumtazama mtu usoni hakukusaidii. Kamati inaleta beseni moja la maji, watu kumi wanachovya kwa zamu. Wa kumi ananawa uchafu wa tisa.

Na dawa iko ndani ya mila yetu wenyewe! Kijana anayepita na jagi na beseni akiwanawisha wageni anamwaga maji tiririka, na hakuna mzee anayeona kuwa amedharauliwa. Kilichopungua ni sabuni, mkono wa kushoto (watu wananawa vidole vya kulia tu) na kuondoa lile taulo moja la wote. Vijana wawe wawili wawili: mmoja anamwaga, mwenzake anatia sabuni ya maji. Kipande cha sabuni kitaibwa au kitaangukia mchangani, kwa hiyo koroga gramu 30 za sabuni ya unga kwenye chupa ya lita moja na nusu, toboa kifuniko, basi.

Kamati zinazojisifu kwamba "tuliweka ndoo" zipige hesabu kidogo. Mtu mmoja, kwa sekunde 20 za kusugua pamoja na kupishana, anachukua kama nusu dakika. Ndoo moja ya koki inahudumia watu 120 kwa saa. Watu 300 wakiitwa kula kwa pamoja, ndoo hiyo itawachukua saa mbili na nusu, na hakuna atakayesubiri. Watapita pembeni, na wa nyuma wataona kupita pembeni ndio utaratibu. Zinatakiwa ndoo tano ili wamalize nusu saa. Kwa nusu lita kila mtu ni lita 150, yaani ndoo karibu nane za lita 20, na mjazaji atajwe jina kabla. Zikae juu ya stuli, kwenye njia ya kwenda kuchukua chakula. Ndoo iliyofichwa nyuma ya turubai ni pambo.

Mikono ya pole nayo isiachiwe mgeni mmoja mmoja kuikataa. Mkubwa wa familia asimame mapema atangaze: familia imeomba tusalimiane kwa mdomo. Hapo anayerudisha mkono nyuma anawatii wafiwa, hajamdharau mtu. Mwangaluka, salamu yetu ya Kisukuma ya kupiga goti, haikuhitaji kiganja tangu zamani. Kisha wazee wa safu ya mbele wanawe kwanza, hadharani. Na waliomwosha marehemu aliyekufa kwa kuhara wasiguse sufuria. Hili linasahaulika sana, na ndipo msiba mmoja unapozaa mingine.

Vyoo: ziko nyumba ambazo mkwe na mkamwana hawaingii choo kimoja. Mnajenga tundu moja, mmoja anaenda vichakani au ziwani, mnamwita mshamba. Jengeni milango miwili.

Viongozi wakitaka kujua nguvu ya kuonekana, wakumbuke hofu ya korona, Machi 2020, Magufuli na Maalim Seif walivyosalimiana kwa kugonganisha miguu Ikulu, picha ikaenea nchi nzima. Julai 28, 2021 Rais Samia alichanjwa mbele ya kamera. Mtaani tunaye shehe, mchungaji, mwenyekiti wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni), mama lishe mwenye wateja wengi. Nani amewafuata hao kabla ya kukodi spika?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, ongeza klorini, huko ndiko wanakoharibu. Unga wa klorini uitwao HTH, wa asilimia 70: kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa kwa lita 20 ni maji ya mikono. Vijiko 10 kwa lita hizohizo ni ya sakafu, choo na matapishi. Nimeona ya sakafu ikiwekwa kwenye koki, watu wakababuka, na waliobabuka hawanawi tena wala watoto wao. Ichanganywe upya kila siku, ifunikwe, isikae juani.

Mwenye uzi: Umenena, mkuu. Ndoo ya sakafu ipakwe rangi nyekundu na isiwe na koki kabisa. Maji ya kunywa ni habari nyingine: tembe moja ya klorini ya miligramu 67 kwa lita 20 za maji maangavu, subiri dakika 30. Maji ya ziwa yakiwa ya kijani, yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, na tembe ziwe mbili. Kazi hiyo apewe mtu mmoja wa kamati, asiyepika na asiyepokea rambirambi.