Picha za mitaani Campeche, Meksiko: nitembee saa ngapi na nibebe lenzi gani?

Mkazi wa Upanga:
Ndugu wapigapicha, habari za kazi. Baada ya mkutano wa kikazi mjini Mérida nimejipangia siku chache za kuutembea kwa miguu mji wa Campeche, ulioko pwani ya Ghuba ya Meksiko, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1999. Karibu picha zote za mji huo nilizoziona ni kuta tupu za njano, samawati na waridi. Mimi nimezoea Kariakoo, ambako watu ndio picha yenyewe, na sipendi kurudi Dar na milango mitupu. Naomba ushauri wenu juu ya mwanga, lenzi, na namna wenyeji wanavyompokea mgeni mwenye kamera.

Mzee wa Lenzi:
Karibu, mwanangu. Kwanza geuza saa zako. Huku kwetu jua huchomoza upande wa bahari, ndiyo maana mpigapicha wa Feri, soko la samaki la Dar, huamka alfajiri. Campeche jua huzama baharini, na mwanga wake mtamu ni wa jioni. Anzia Puerta de Mar, lango la bahari, ufuate Calle 59 hadi Puerta de Tierra, lango la nchi kavu lililojengwa mwaka 1732. Mitaa iliyo ndani ya ngome, yaani kuta za kale za mji, ni myembamba na imenyooka, kwa hiyo mara nyingi upande mmoja huwa na jua kali na wa pili kivuli.

Hapo ndipo penye kazi. Kamera ikiona ukuta mpana wa njano unaowaka jua, hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na uso wa mpita njia, hata awe maji ya kunde, hugeuka giza. Pima mwanga usoni, si ukutani. Kisha tazama upande wa kivuli: mtu anayepita mkabala na ukuta wa waridi uliopigwa na jua hupata wekundu hafifu shavuni, kwa sababu ukuta ule unamrudishia mwanga wenye rangi yake. Hiyo ndiyo picha ambayo ukuta mtupu hauwezi kukupa. Usiiachie kamera ijichagulie usawa wa rangi (white balance), maana itaufuta wekundu huo. Upange mwenyewe, na upige faili ghafi (RAW). Lenzi ya milimita 35 inatosha. Chagua ukuta, simama, usubiri watu waje. Ukiwafukuzia utapata migongo.

Bi. Mwanakamera:
Shikamoo mzee. Naongeza kuhusu watu, kwa sababu jambo hili linanigusa sana. Sheria ya Meksiko ya haki za watunzi, kifungu cha 87, inataka ridhaa ya wazi ya mtu kabla ya sura yake kutumiwa au kuchapishwa, isipokuwa pale anapokuwa sehemu ndogo tu ya mandhari, au picha inapopigwa mahali pa umma kwa ajili ya habari. Kwa hiyo, kaka, anayejaza fremu aombwe. Salimia kwanza, "buenas tardes" (habari za mchana), kisha onyesha kamera na usubiri jibu. Akikataa, shukuru uende zako. Mtoto asipigwe bila mzazi wake kuridhia.

Mkazi wa Upanga:
Asanteni sana. Je, mchana nifanye nini, mwanga ukiwa mkali? Na naweza kujizoeza wapi hapa Dar kabla ya safari?

Mzee wa Lenzi:
Marahaba, binti, umesema kweli tupu.

Mchana, mwanangu, toka nje ya ngome. Kuta zile zilianza kujengwa mwaka 1686 kuuzuia uharamia, lakini maisha ya mji yalishazivuka zamani. Soko la Pedro Sáinz de Baranda liko nje tu ya ngome, lina paa, na wewe mtu wa Kariakoo hutapotea humo. Jua likipungua, tembelea mitaa ya San Román na Guadalupe, ambako watu wanaishi zaidi ya kutalii. Tripodi iache nyumbani, kwani kwenye majengo ya kale yanayosimamiwa na INAH, taasisi ya taifa ya Meksiko ya anthropolojia na historia, inahitaji kibali.

Mazoezi yafanyie katikati ya mji, Mtaa wa India na Kisutu, jua linapoinama na upande mmoja wa barabara kuingia kivulini. Feri pia panafaa asubuhi, ila Ikulu iko jirani, kwa hiyo lenzi yako ielekee kwenye samaki na mashua tu.