Naomba ushauri: bwawa la nyumbani lichimbwe kina gani?

Habari zenu wakuu. Ninajenga Kigamboni, na uani nimebakiza nafasi ya bwawa dogo la kuogelea, mita 8 kwa 4. Kinachonikwamisha ni kina. Fundi anang'ang'ania tuanze mita 1 upande mmoja tuishie mita 2 na nusu, eti "watu wapige mbizi". Mke wangu hataki hata kusikia. Tuna watoto wa miaka 4 na 9, na mimi mwenyewe, niseme ukweli, naelea kama jiwe.

Binafsi naona mita 1 hadi 1.4 inatosha. Nimepiga hesabu: hapo ni lita 38,400. La fundi ni lita 56,000. Tofauti hiyo inakaribia maboza mawili ya lita 10,000, bado klorini na umeme wa pampu. Na bwawa fupi hivyo, mbizi ya nini?

Kinachonitisha zaidi ni ardhi. Tulipochimba shimo la choo, mita 2 tu maji yakaanza kuchuruzika, mchanga unaporomoka. Nasikia bwawa likiachwa tupu, maji ya chini yanaweza kulinyanyua hadi zege lipasuke.

Mlio na mabwawa maeneo ya pwani, mlichimba kiasi gani? Kuna anayejuta? Na yule wa miaka 4, nimtengenezee kibaraza cha sentimita 40 humohumo, au nimnunulie beseni kubwa kwanza? Uzio na geti la kufunga nitaweka, hilo halina mjadala.