Bibi kaibiwa mafuta, polisi hawakuja. Nimetoka kumhudumia, wakaja mbio kunihoji mimi. Halafu tunaambiwa kijiji ni salama!

Wakuu, salaam kwenu.

Niko England, upande wa mashariki, kwenye mashamba ya ngano. Kijiji sitakitaja na kaunti sitaitaja, kwa sababu ninaowahudumia ni wazee wanaoishi peke yao na sitaki mtu ajue mlango wa nani haufungi vizuri. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Natoka kabla hakujapambazuka, naingia nyumba hii, naendesha hadi ile, narudi usiku. Waliokuja kwa viza ya kazi hii tangu ilipofunguliwa Februari 2022 wananielewa.

Juzi tuliitwa mkutano wa usalama kwenye ukumbi wa kijiji. Ofisa wa polisi akasimama na karatasi za takwimu, akatuambia kijiji hiki na vinavyokizunguka ni kati ya maeneo yenye uhalifu mdogo kabisa katika kaunti nzima, na kwamba ndiyo maana askari wanapelekwa kule wanakohitajika zaidi. Akajibu maswali mawili matatu ya magari yanayopita kasi mbele ya shule, akaaga.

Nilikaa pale mikono inatetemeka kwa hasira. Acha niwaeleze kwa nini.

Januari hii, bibi mmoja ninayemhudumia aliibiwa mafuta. Ana miaka themanini na ushee, mjane, miguu haimchukui tena. Kwa wasiojua: vijiji vingi vya huku havina bomba la gesi. Nyumba inapashwa joto kwa mafuta, ya jamii moja na mafuta ya taa ya kwetu, yanayokaa kwenye tangi kubwa la plastiki nyuma ya nyumba. Wezi wanakuja usiku na pampu na mapipa, wanakata mpira au wanatoboa tangi, wananyonya, wanaondoka. Asubuhi nilipofika, uani ilikuwa harufu tupu, majani yamelowa mafuta. Ndani, bibi yuko kitandani amejifunika makoti juu ya mablanketi, midomo imebadilika rangi. Mtambo wa joto ulizimika usiku na hakujua kwa nini. Maji ya kumwogesha nilichemsha kwa birika.

Na mafuta haya huendi kununua kidumu kimoja dukani. Wauzaji wengi hawaleti chini ya lita 500. Mtu anayeishi kwa pensheni anatakiwa atoe mamia ya pauni kwa mkupuo, kisha asubiri lori siku kadhaa katikati ya Januari. Kwa umri ule baridi inaua. Aliyemnyonyea tangi alihatarisha uhai wake, na hivyo ndivyo jambo lile lilipaswa kuchukuliwa.

Nikapiga 101, namba ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura. Nilining'inia kwenye simu mpaka nikachelewa nyumba inayofuata. Tukapewa namba ya tukio, kama RB ya kwetu. Hakuja mtu. Hakuna aliyekuja kutazama tangi, wala alama za matairi zilizokuwa wazi kwenye matope, wala kuuliza jirani kama alisikia injini usiku. Ukaja ujumbe: hakuna kamera, hakuna shahidi, shauri limefungwa, mpige tena mkipata taarifa mpya. Bibi alinishika mkono akaniambia hakutaka kuwasumbua watu. Kaibiwa joto la nyumba yake, na bado anaona yeye ndiye msumbufu!

Jirani yake naye aliibiwa vilevile majira ya baridi yaliyopita. Hakupiga simu kabisa. Nilipomwuliza kwa nini, akasema alishapiga zamani walipovunja banda lake na kuchukua msumeno wa mashine, na hakuona faida.

Sasa niambieni, huyo jirani yuko wapi kwenye zile karatasi za ofisa? Hayupo. Ramani ya uhalifu ya polisi wa England na Wales, iliyofunguliwa kwa wananchi mwaka 2011, inaonyesha yaliyoandikwa na polisi tu. Ambaye hakuripoti ni kama hakuibiwa. Aliyeripoti, alama yake haiwekwi juu ya nyumba yenyewe, inasogezwa sehemu ya karibu ili asijulikane. Mjini utaratibu huo hauna shida. Huku nyumba ziko mbalimbali, wizi wa shamba moja unaweza kuonekana kwenye njia ambayo mwenye shamba hapiti.

Na hata ukiripoti, kuandikwa ni jambo jingine. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi wa serikali hiyohiyo walikuta asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa hayakuandikwa, zaidi ya 800,000 kwa mwaka. Mwaka huohuo takwimu za polisi zilivuliwa hadhi ya kuwa Takwimu za Taifa kwa sababu hazikuaminika. Uandishi umeboreshwa tangu hapo, nakubali. Lakini hakuna mkaguzi anayeweza kukagua simu ambayo haikupigwa.

Halafu hicho kiwango chenyewe cha "makosa kwa kila watu 1,000" wanachopenda kututajia. Chukua kijiji cha watu 400. Makosa mawili yakiandikwa, kiwango ni 5. Likiongezeka moja, kiwango kimepanda kwa nusu nzima. Mtu mmoja akiamua kupiga simu, kijiji kinageuka hatari. Akikata tamaa, kinageuka pepo. Unapangaje doria kwa hesabu ya namna hiyo? Nilitamani mtu ainuke amwulize ofisa swali hili. Nilinyoosha mkono, muda ukawa umekwisha.

Watu kukata tamaa kuna sababu zake. Katika mwaka ulioishia Machi 2023, kati ya kila makosa 100 yaliyoandikwa England na Wales, yaliyofikia mtu kushtakiwa hayakufika 6. Oktoba 2022 wakuu wa polisi waliahidi kwamba kila nyumba ya kuishi iliyovunjwa itafikiwa na askari. Ahadi nzuri, ila mali ya kijijini iko nje: kwenye banda, kwenye tangi, kwenye zizi, kwenye trekta. Kampuni kubwa ya bima ya wakulima, NFU Mutual, ilikadiria hasara ya wizi vijijini Uingereza nzima mwaka 2023 kuwa pauni milioni 52.8, na vifaa vya GPS vya matrekta peke yake zaidi ya milioni 4. Hayo ni magenge yanayojua yanachofuata na yana pa kukiuza. Wanatembelea vijiji vyetu kwa sababu wanajua kituo cha karibu kiko umbali gani.

Wazee wanakumbuka konstebo aliyekaa kijijini na familia yake kwenye nyumba ya polisi. Nyumba hizo nyingi ziliuzwa, leo ni nyumba za watu binafsi. Wakaja wasaidizi wa polisi jamii, walioanzishwa kwa sheria ya 2002, wale wanaotembea kwa miguu na kujua majina ya watu. Mwaka 2010 walikuwa karibu 17,000 nchi nzima. Wamepungua kiasi cha nusu. Serikali ilipoahidi mwaka 2019 kurudisha askari 20,000 iliowapunguza, hawa hawakuwa kwenye hesabu hiyo. Na kodi ya halmashauri haikupungua. Sehemu inayokwenda polisi imeandikwa peke yake kwenye bili, na bibi yangu analipa sawasawa na mtu wa mjini mwenye nyumba ya daraja lake. Analipia nini?

Kwenye mkutano ule mkulima mmoja alisema kwa sauti, polisi wasipokuja, wenyewe watajilinda. Akamtaja Tony Martin. Baadhi wakapiga makofi. Nilishtuka sana. Kwa wasiomjua, huyo alikuwa mkulima wa Emneth Hungate, Norfolk, aliyelalamika kwamba anaibiwa na polisi hawamsaidii. Agosti 1999 watu wawili waliingia kwake usiku, akawapiga bunduki. Mmoja, kijana wa miaka 16, alikufa kwa risasi ya mgongoni. Martin alihukumiwa kwa kuua kwa makusudi, kisha rufaa ikapunguza kuwa kuua bila kukusudia, akatoka 2003. Mtoto wa watu alikufa kwenye shamba la mtu aliyeona ameachwa peke yake. Zaidi ya miaka 25 baadaye watu wanapigia makofi hilo jina, mbele ya polisi, na ofisa anatazama karatasi zake.

Na mimi nina sababu yangu ya kuogopa makofi yale.

Usiku mmoja wa Machi nilitoka kumlaza bibi huyuhuyu. Nikakaa kwenye gari mbele ya lango lake naandika taarifa ya zamu kwenye simu, kama tunavyotakiwa. Sijamaliza, taa za bluu nyuma yangu. Walifika upesi sana. Kuna mtu alikuwa amepiga simu kwamba kuna mtu mweusi amekaa kwenye gari anaangalia nyumba. Nilikuwa nimevaa sare, kitambulisho kiko shingoni. Wakauliza jina, wakauliza natoka wapi, nakwenda wapi, gari ni la nani. Wakamulika kiti cha nyuma: glavu, aproni, nepi za watu wazima. Hawakunitukana na sitawasingizia. Lakini nilisimama kwenye baridi nikijieleza mbele ya lango la nyumba ambayo walishindwa kuja ilipoibiwa! Nyumba ileile!

Asubuhi picha ya gari langu, namba zikionekana, ikawa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji: "gari la kushukiwa." Ilikaa siku nzima mpaka binti wa bibi alipoiona akawaambia waifute. Hakuna aliyeniomba radhi. Wengine wao nimewaogeshea wazazi.

Sasa sikieni hili. Sheria ya Barabarani ya 1988, kifungu cha 163, inampa polisi ruhusa ya kusimamisha gari lolote, na hakuna sheria inayomlazimisha kuandika kwamba amenisimamisha. Wakikupekua wanaandika, na rekodi hizo za nchi nzima zinaonyesha watu weusi wanapekuliwa karibu mara nne zaidi ya wazungu. Kusimamishwa na kuhojiwa kama mimi hakumo. Kwa hiyo wizi wa jirani haumo kwenye takwimu, na kudhalilishwa kwangu hakumo. Ukiyatoa yote yaliyotuumiza, ndiyo, kinachobaki ni kijiji salama.

Unganisheni mkulima mwenye bunduki halali kabatini, kundi la WhatsApp lenye picha ya gari langu, na giza la barabara isiyo na taa. Mwisho wa Julai 2024 watoto watatu waliuawa Southport na uongo ukasambazwa mtandaoni kuhusu muuaji; Agosti umati ulijaribu kuchoma hoteli ya waomba hifadhi huko Manvers, karibu na Rotherham, watu wakiwa ndani. Ulianza na ujumbe wa simu, mtu hana uhakika, anatuma. Wiki ile niliendelea kwenda kwa wazee wangu usiku, kwa sababu nisipoenda hawali.

Sipingi majirani kulindana. Ulinzi wa ujirani wa huku ulianzia kijiji kama hiki, Mollington, Cheshire, mwaka 1982, miaka ileile Wasukuma na Wanyamwezi walipokuwa wakiunda sungusungu. Sungusungu nao waliwahi kuumiza wasio na hatia, tusijidanganye. Lakini mlinzi lazima kwanza awajue watu wa eneo lake, na mimi nimo katika eneo hili. Naingia nyumba zenu kabla hamjaamka. Kama kuna mtu anayejua gari gani ni geni saa nne usiku, ni sisi watunza wazee. Hakuna aliyewahi kutuuliza.

NYONGEZA, JIONI

Nimesoma maoni yenu. Mliosema pole, asanteni. Aliyeandika "dada rudi nyumbani, mambo ya wazungu waachie wazungu": ndugu yangu, bibi anayetetemeka kwa baridi si mambo ya wazungu. Nalipa kodi hapa, nafanya kazi hapa, nina haki ya kudai. Na mliosema ninyamaze kwa ajili ya viza, nawaelewa, najua wengi mnaishi na hofu hiyo kwa mwajiri wenu. Lakini kulalamika kuhusu polisi ni haki ya kila aliyehudumiwa vibaya, na hakuna sharti la viza linalokataza.

Nilichofanya: malalamiko mawili, la wizi na la kusimamishwa, nimeyapeleka kwa polisi wenyewe kwanza, kama utaratibu unavyotaka. Wasiponiridhisha nitaomba yapitiwe upya. Binti wa bibi ameandika la kwake kwa jina lake. Kwa halmashauri ya kijiji nimeomba dakika tano kwenye mkutano ujao, na ninataka karani aandike mezani kila wizi wa mafuta uliotokea msimu huu, ulioripotiwa na usioripotiwa, kila mwenye nyumba ajaze mwenyewe. Jirani ameshakubali kuwa wa kwanza kujaza. Kundi la WhatsApp nimedai liwe na kanuni: hakuna picha ya mtu wala namba ya gari.

Mlioko vijiji vya huko England mnaofanya kazi hii, semeni hapa chini: mmewahi kusimamishwa mkiwa zamu, na mliomba maandishi mkapewa? Yeyote aliyefanikiwa kupata, aeleze alisemaje na aliandikiwa nini, maana mimi nitawaomba safari ijayo.