Huyu jamaa aliyenishikisha mausi kwa nguvu mbele ya mteja, Mungu anamuona!

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka, mnivumilie.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule prodyuza wetu mkubwa ambaye kwenye wimbo jina lake linatajwa mara nyingi kuliko kiitikio. Leo kaja studio kwangu na msanii wake kusikiliza miksi. Nimewapigia. Kasema kwa mdomo wake mwenyewe: "Aisee, hii imekaa, besi imetulia." Mteja shahidi. Halafu ndiyo akauliza mbona skrini imezimwa. Nikamjibu sioni, niiwashe ya nini?

Kimya. Kisha: "Hapana bwana, sasa naisikia vizuri, besi imezidi."

Besi ileile! Sijagusa kitufe! Yaani besi ilisikia kwamba sioni, ikavimba yenyewe?

Hilo ningemeza. Sasa sikieni. Akaichukua mausi, akanivuta mkono, akanikunja vidole juu yake kimoja kimoja kama mtoto wa chekechea anayefundishwa kushika penseli, akasema: "Haya fundi, tuonyeshe unavyomiksi." Mteja akacheka. ALINIKUNJA VIDOLE, wakuu!

Hiyo mausi ni ya wageni. Mimi nafanya kazi kwa kibodi. Nipo Reaper, programu ya kurekodi na kumiksi, pamoja na Osara, nyongeza inayoifanya Reaper isomeke kwa asiyeona; nasomewa na NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti. Ctrl na T nina traki mpya, S nimekata, F nimefungua efekti, yeye bado anatafuta mshale wake umepotelea wapi. NVDA inaniongelea kwenye hedifoni ya sikio moja, muziki unapita kadi nyingine ya sauti kwenda kwenye spika, havigombani. Sauti ikivuka kiwango nilichoweka, Osara inanitamkia kwa desibeli. Yeye anasubiri kitaa chekundu! Na NVDA ilianzishwa 2006 na Michael Curran wa Australia, haoni. Osara kaianzisha James Teh, naye haoni. Akawakunje vidole na hao basi!

Kidole gumba ndicho alichomalizia. Bado nakisikia. Nawasilisha.

MzeeWaKinanda: Pole sana mkuu. Sasa weka huo wimbo hapa tuisikie hiyo besi.

Mleta uzi: Besi haihusiki! Nimekunjwa vidole!

MzeeWaKinanda: Nimeuliza tu. Usikute kweli imezidi.

SautiYaBondeni: Yaani mtu mzima unakunjwa vidole vyote vitano na umekaa tu? Cha kwanza sawa, umeshtukizwa. Cha pili je? Mimi ningemrushia hiyo mausi.

Mleta uzi: Ningemrushia, ila mteja alikuwa hajalipa.

BitiKali: HAJALIPA? Mkuu umeanza na vidole wakati msiba wenyewe ni huu! Hao ndio wanaoniua mimi. "Ngoma ikihiti tutagawana." Nina folda nzima ya ngoma zinazosubiri kuhiti, nyingine wenyewe wameshaacha muziki, wanauza mitumba.

Mleta uzi: Atalipa. Turudi kwa huyu jamaa. Kaanzia kidole cha shahada.

SikioMoja: Mkuu na mimi sioni, nipo Reaper hukohuko, nakuelewa. Ila afadhali kukunjwa vidole kuliko plagini za picha, vile viprogramu vya efekti vya kuongezea kwenye Reaper. Unainunua kwa hela yako, ukiifungua NVDA inataja jina la dirisha, basi, kimya cha makaburini. Vitufe vyote vimechorwa tu, hakuna cha kusoma. Ukikimbilia orodha ya parameta ya Osara unakuta mwenye plagini hakuzipa hata majina, namba tupu. Unageuza namba 14 unasikia mwangwi wa pangoni. Ya 15, mwimbaji amekuwa katuni.

PadiNne: Plagini ya kununua?? Kuna watu wananunua plagini humu? Kreki zimejaa kila kona.

SikioMoja: Za kreki zinazokuja na virusi wa ukoo mzima. Reaper yenyewe unaijaribu bure siku 60, laizensi ya mtu binafsi dola 60. Mwanaume lipa.

PadiNne: Dola 60 ni kodi ya chumba hiyo, mkuu. Nitamiksia barabarani?

SautiYaBondeni: Anamiksi kwa kreki halafu anamlaani msanii asiyelipa 😂

BitiKali: Wasanii msiwatetee humu! Mmoja juzi kaja kuingiza sauti mistari minane, kaleta watu kumi. Kumi! Chumba hakina dirisha. Wakaagiza chipsi mayai, wakalia juu ya kibodi yangu. Leo kitufe cha R kinanata, nikirekodi hakiachii.

Mleta uzi: Wakuu, huyu mtu kanishika mkono bila kuniomba. Mbele ya mteja. Hamlioni hili?

MzeeWaKinanda: BitiKali, wewe ni kibodi tu. Wangu kamwaga tomato kwenye miksa, feda tatu, vile vitelezi vya sauti, zimeganda.

BitiKali: Tomato inatoka kwa spiriti. Mafuta ya mayai yakishaingia chini ya feda, nunua nyingine.

MzeeWaKinanda: Spiriti ya duka la dawa au ile ya fundi simu?

BitiKali: Ya fundi simu. Ya duka la dawa ina maji, utaua na zile feda nzima.