Wanafunzi wanatoa kila kitu kutoka 180: naomba ushauri kuhusu pembe zisizojulikana

Mwalimu wa Zamu:
Walimu wenzangu, nawasalimu. Nafundisha hisabati darasa la sita, na mada inayonisumbua ni kutafuta ukubwa wa pembe isiyojulikana katika maumbo. Kanuni wamezikariri: pembe za ndani za pembetatu zina jumla ya nyuzi 180, za pembenne nyuzi 360, na zile zilizopangana kwenye mstari mnyoofu nyuzi 180. Lakini wakiwekewa mchoro, wengi hujumlisha kila namba wanayoiona na kuitoa kutoka 180, hata kama umbo ni pembenne, au namba mojawapo iko nje ya umbo. Wengine huchukua kipimapembe na kupima mchoro ambao haukuchorwa kwa vipimo halisi. Nifanyeje?

Chaki Nyeupe:
Mwalimu, anza na michoro isiyo na namba hata moja. Waulize tu ni pembe zipi zinazokaa pamoja, na zikikaa pamoja zinakamilisha nini: mstari mnyoofu, mzunguko mzima, au umbo? Jibu hilo liandikwe kwa maneno kabla ya hesabu yoyote.

Kisha wape swali linalowanasa. Katika pembetatu ABC, upande BC umerefushwa hadi D. Pembe A ni nyuzi 65 na pembe ACD, iliyo nje, ni nyuzi 110. Pembe B ni ngapi? Aliyezoea kutoa tu ataandika 5. Usimsahihishe upesi, mwambie aitazame kona ya B na aseme kama inafanana na pembe ya nyuzi 5, ambayo ni nyembamba mno. Akirudi kwenye mstari BCD ataona kwamba ACB ni nyuzi 70, hivyo B ni 45. Wepesi watagundua wenyewe kwamba 65 na 45 zinarudisha ile 110 ya nje.

Kona Tatu:
Naongezea karatasi. Kila mtoto akate pembetatu yake, yenye umbo tofauti na la jirani, azitie kona rangi, kisha azichane kwa mkono badala ya kuzikata kwa mkasi, ili kingo zilizochanika zisichanganywe na pande halisi. Kona tatu zikipangwa pamoja hukaa kwenye mstari mnyoofu. Kwa pembenne, chora ulalo mmoja, yaani mstari kutoka kona moja hadi kona inayotazamana nayo, upate pembetatu mbili, yaani 180 mara 2. Atakuwepo atakayechora milalo miwili, apate pembetatu nne na kudai jumla ni 720. Huyo msikilize kwa makini, maana hoja yake ni nzuri: zile nyuzi 360 za ziada ziko pale katikati milalo inapokatana, na si pembe za umbo.

Binti Ulalo:
Karatasi inashawishi, lakini haithibitishi, na hilo ni vyema watoto walijue mapema. Mimi nasisitiza pembetatu pacha, ile yenye pande mbili zinazolingana, kwa kuwa wengi hudhani pembe zinazolingana ni zile za chini ya mchoro. Geuza mchoro ulale ubavu. Pembe zinazolingana ni zile zinazotazamana na pande zinazolingana. Nyuzi 40 zikiwa kati ya pande hizo, zilizobaki ni 70 na 70. Zikiwa kwenye kitako, ya kileleni ni 100. Maswali hayo mawili yawekwe pamoja.

Mwalimu wa Zamu:
Nashukuru sana. Na kipimapembe je, nikipige marufuku?

Chaki Nyeupe:
Hapana. Chora kwa makusudi kona inayoonekana kuwa pembe mraba, yaani ya nyuzi 90, huku hesabu ikitoa nyuzi 75, bila kuweka kile kialama cha mraba kwenye kona. Waache wapime, wakokotoe, kisha wabishane ni jibu lipi la kuandika na kwa sababu gani.